Nipe Mji

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Kisarawe, upande wa kwenda Maneromango, mtoto hakulala bila kutegewa vitendawili. Kibatari kikishawekwa chini na sisi tumejipanga mkekani, bibi huita, "Kitendawili!" Nasi tunaitika, "Tega!" Anatega. Ajuaye hujibu, akosaye hujaribu tena, na wote tukishindwa bibi hunyoosha mkono kama kondakta anayedai nauli: "Basi nipeni mji." Tunampa. Siku moja Bagamoyo, siku nyingine Unguja, mara Dar es Salaam nzima na bandari yake. Naye haupokei kimyakimya. Hutusimulia kwamba amefika Bagamoyo, amelakiwa, amelishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, amelazwa kitanda cha besera, ilhali sisi wajinga wake tumebaki huku tunakodoa macho. Akishatusimanga mpaka akatosheka, ndipo atoe jibu.

Binamu yangu mmoja hakupenda kutoa mji. Kitendawili kikimshinda anataja kila kinachomjia kinywani: yai, jiwe, mbuzi, mwezi. Hata jibu likiwa limeshapita mbali, yeye bado anabahatisha. Bibi alimvumilia, mwisho akamwambia, "Mwanangu, mji wenyewe si wako. Unaung'ang'ania wa nini?"

Neno hilo nililicheka utotoni. Nikaja kuwa mwalimu wa fizikia, nikashika chaki zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu hapa Kibaha, ndipo nikaanza kuliogopa. Maana nimekaa ofisi za walimu nyingi na nimemwona binamu yangu katika kila moja, na mara kadha wa kadha nimemwona kwenye kioo. Mtu niliyekuja kumwona ameishika kanuni ya bibi vizuri alikuwa Mwingereza. Sikuwahi kuonana naye. Nilimjua kwa maandishi na kwa sifa.

Aliitwa Denis Osborne. Alizaliwa mwaka 1932, akasomea fizikia Chuo Kikuu cha Durham, kaskazini mwa Uingereza. Alikwenda kufundisha Ghana wakati nchi hiyo ikiwa bado mbichi kwa uhuru, kisha katikati ya miaka ya sitini akaja kwetu Dar es Salaam. Chuo chetu wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria tu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilikuwa ndiyo kwanza kimehamia mlimani. Osborne alikuwa miongoni mwa walioianzisha fizikia pale, akawa profesa, akawa pia mkuu wa kitivo cha sayansi.

Mwalimu Mwingereza si kioja kwetu Kisarawe. Minaki waliingia tangu enzi za misheni ya UMCA, na wazee waliosoma pale mpaka leo wakikohoa wanakohoa kwa Kiingereza.  Kibaha nako walikuja Wanordiki, watu wa Denmaki, Norwe, Uswidi na Finilandi, wakajenga mapema miaka ya sitini shule ya sekondari, kituo cha afya pale Tumbi na chuo cha wakulima, wakakabidhi vyote kwa serikali mwaka 1970. Siwabezi, wengi tulio hai huku tumeuguziwa au kusomeshwa humo. Ila karibu wote walikuja na majibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tukadhani dawa iko kwenye mkoba wa mgeni. Osborne alimponya mwenyeji mmoja kwa kuufungua mkoba na kumwonyesha kwamba hamna kitu.

Mwenyeji mwenyewe alikuwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kule Usambara ambako usiku mtu anahitaji blanketi mbili. Wavulana wa shule walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayapeleka kwenye friji ya shule. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, kama nafasi ya kukaa kwenye daladala ya jioni pale Mbezi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anakimbilia friji na maziwa aliyoyatia sukari bila hata kuyachemsha. Ya kwake yalikuwa yanatoka mvuke. Akingoja yapoe, nafasi imekwenda. Akayatia vilevile yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi: ya Mpemba yameshika barafu, ya mwenzake bado uji.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamjibu kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akanyamaza, kama anavyonyamaza mtoto aliyelelewa vizuri.

Likizo ikamkuta Tanga, na huko akamkuta rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu. Yule rafiki alimwambia jambo jepesi kabisa: yeye huyatia yakiwa ya moto, yanaganda upesi zaidi. Wauzaji wengine wa pale mjini nao walifanya vivyo hivyo. Hapa huwa naiweka hadithi chini kidogo. Watu wengi wanaisimulia kama habari ya mwanafunzi mmoja mwerevu na profesa mmoja mwema, ikaisha. Wauza aiskrimu wa Tanga wanatupwa nje. Wale walikuwa wameshajua. Hawakuwa na maabara wala jina kitabuni, walikuwa na wateja wanaongoja juani, na mteja anayengoja ni mtahini mkali kuliko baraza lolote la mitihani. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua ujuzi wao na kuuvusha barabara.

Kidato cha tano Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa. Mada ya joto ilipofika na kanuni ya Newton ya kupoa ikaandikwa ubaoni, akauliza tena. Mwalimu wake mpya alimjibu kwamba alikosea. Mpemba alipong'ang'ania, mwalimu akasema anachoweza kusema ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, fizikia ya dunia haiko hivyo. Darasa likacheka, na kicheko kikapata kazi ya kudumu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu wanaiita hesabu ya Mpemba, akikosea lingine, la Mpemba.

Nimefundisha miaka mingi, na nakiri utani wa mwalimu una sumu ambayo fimbo haina. Fimbo inauma inakwisha. Utani unabaki bwenini, wanafunzi wanaulisha na kuunywesha, unakua.

Na hapa lazima niwaseme wazee wangu, maana makala ya busara isiyowagusa wazee ni kupaka mafuta tu. Sisi tunao msemo kwamba sikio halipiti kichwa. Ni msemo mzuri ukiwa mahali pake. Mtoto anayetaka kumwamuru baba yake auze shamba anahitaji kuusikia. Lakini tumeutumia kuzibia vinywa kila mahali, sebuleni, madrasani, kanisani, kazini, mpaka tukasahau kwamba wazee haohao walituachia pia kuuliza si ujinga, na juu ya yote wakatuachia mchezo mzima wa jioni ambamo mtu mzima mwenye mvi anasema mbele ya watoto, "Nimeshindwa, nakupa mji," na heshima yake haipungui hata punje. Tunachagua methali kama tunavyochagua nyama buchani. Ya mfupa tunamwachia mtoto.

Mpemba hakukata tamaa. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hamna mtu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia friza. Baada ya saa moja akaangalia. Barafu ilikuwa kwenye zote mbili, ila nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na moto.

Ndipo Dakta Osborne akafika Mkwawa. Mkuu wa shule alikuwa amemwalika aongee na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Mgeni ni kuku mweupe. Na mgeni wa namna hii, mtu wa Chuo Kikuu aliyetoka Dar es Salaam kupanda milima ya Iringa, alikuwa mweupe mara mbili. Aliongea nusu saa, maswali yakachukua saa nzima. Wakamwuliza habari za kuingia chuo, wakamwuliza habari za mtaala. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, akasema, ukatia maji kiasi kilekile, ya kimoja yana nyuzi 35 na ya kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini?

Ukumbi ukacheka. Wenzake walikuwa wakilijua swali lile kama wanavyoijua kengele ya chakula, na sasa limetolewa mbele ya mgeni.

Osborne alitabasamu, akaomba arudiwe swali. Kisha akauliza: ni kweli, umelifanya mwenyewe? Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui, na akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Alichofanya pale ni kutoa mji mbele ya hadhira nzima, yeye mtu wa Chuo Kikuu, kwa kijana aliyekuwa anachekwa. Utamu wa jambo hili umezidi kwa sababu baadaye Osborne mwenyewe aliandika kwamba moyoni aliamini kijana amekosea. Hakuona nuru wala hakuguswa na malaika. Alimdhania kijana amepotea njia kama walivyomdhania wale walimu wawili. Tofauti yao ilikuwa moja tu: wao dhana zao walizifanya hukumu, yeye ya kwake aliifanya deni. Na alipokuwa akilibeba deni hilo kurudi Dar, Mpemba huku nyuma alikuwa anasutwa na wenzake kwamba amewaaibisha shule nzima.

Deni la maneno ni jepesi kulisahau. Mimi nimekwisha kuahidi wanafunzi vitu vingi nikiwa mlangoni, na mlango ulipofungwa ahadi ilibaki ndani. Osborne alifika, akamtwisha fundi wa maabara kijana kazi ya kuyajaribu maji. Fundi akarudi na taarifa: ni kweli, yaliyoanza moto yametangulia kuganda. Halafu kwa bidii ya kumridhisha bosi wake akaongeza kwamba watazidi kulirudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi.

Nikiisimulia habari hii kwa walimu wanacheka mpaka machozi, kisha wananyamaza, maana kila mmoja amewahi kuwa fundi yule. Tumewafundisha watoto wetu hivyo: pima, na kipimo kikikataa kitabu, laumu kipimo. Mwanafunzi akipata mchapuko wa graviti 8.2 anafuta kwa kifutio, anaandika 9.8, mwalimu anapiga vyema. Nimepiga vyema hizo nyingi.

Jaribio likarudiwa, lakini kwa nia ya kuona, si ya kumkanusha mtu. Walitumia bika za sentimita za ujazo 100 na maji sentimita za ujazo 70. Maji yalikuwa yamechemshwa punde, ili hewa iliyoyeyuka ndani yake isiwe sababu ya tofauti. Wakapima kiasi kilichopotea kwa mvuke, wakaona ni kidogo, hakitoshi kueleza jambo lote. Wakamimina utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa nyingi. Maana yake joto lilikuwa linatokea juu, kama wapishi wanavyojua: sufuria ya mchuzi wenye mafuta mengi haipoi hata ukiipepea. Osborne akaelekeza fikra zake kwenye mwendo wa maji yenyewe, jinsi ya moto yanavyopanda juu na ya baridi yanavyoshuka, na jinsi uso wa maji yaliyoanza moto unavyobaki na joto zaidi na kulitoa upesi.

Mwaka 1969 wakachapisha makala katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, Physics Education. Angalia majina yalivyokaa: Mpemba kwanza, Osborne baadaye. Na ndani yake kijana anaeleza hadithi yake kwa maneno yake mwenyewe, maziwa, friji, Tanga, kicheko na yote, kabla profesa hajaleta vipimo. Wakati inatoka, Mpemba alikuwa ameshaingia chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Hakuwa mwanafunzi wa Osborne, wala hakuwa na njia ya kudai chochote. Profesa angeweza kuandika peke yake na kumshukuru mwanafunzi mmoja wa Iringa pale chini kwa herufi ndogo. Nani angejua? Wangapi wamekuja kwetu na madaftari, wakamhoji mganga mizizi na mvuvi nyota, wakaondoka na kitabu chenye jina moja? Na tusiwaonee wageni peke yao. Nawajua wenyeji wenye vyeo waliokula jasho la wanafunzi wao bila kunawa mikono.

Jambo lenyewe, kumbe, lilikuwa la kale. Aristotle aliandika juu yake zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, akitaja wavuvi wa Ponto waliokuwa wakimimina maji ya moto kwenye matete yao ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja, Descartes alilitaja. Kisha fizikia ilipopata kanuni nzuri za joto ikaliweka kando, kama mtu aliyehamia nyumba ya bati na kusahau makuti yalivyokuwa yanapoza. Likafufuka kwenye friji ya shule huko Usambara, na leo dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Jina lililokuwa la kumcheka bwenini limo kwenye vitabu vya hiyohiyo iliyoitwa fizikia ya dunia.

Jibu je? Hapo ndipo kitendawili hiki kinapotofautiana na vya bibi. Bibi alipodai mji, jibu alikuwa nalo chini ya kanga. Mpemba alitega asichokijua. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi, yakaja maandiko 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović, mkemia kijana wa Kroatia, na Mpemba mwenyewe alikuwapo akitangazwa. Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha kwamba wamejaribu na hawakuona ushahidi wa kuwatosha, tena wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kumdanganya mtu. Mwaka 2020 wawili wengine, Kumar na Bechhoefer wa Kanada, wakaacha maji kabisa, wakatumia chembe ndogo sana zinazoelea, wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba kitu chenye joto kweli kinaweza kutangulia kupoa, kikiandaliwa vizuri. Kwa hiyo ya chembe yamekubalika, ya maji yanabishaniwa. Kwangu hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Swali linalobishaniwa kwa zaidi ya nusu karne halikustahili kicheko cha dakika moja.

Osborne hakukaa kungoja sifa za barafu. Aliondoka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaingia serikalini kwao katika mambo ya misaada ya maendeleo, na kuanzia 1987 hadi 1990 alikuwa Balozi wa Uingereza nchini Malawi, enzi za Kamuzu Banda. Uzeeni alishughulika na utawala bora na vita dhidi ya rushwa. Alifariki mwaka 2014. Wasifu wa namna hiyo kwa kawaida ungeandikwa kuanzia ubalozi, na barafu ikatajwa mwishoni kama kichekesho. Umma umeupindua wasifu wake. Mabalozi wa Uingereza Malawi wamekuwa wengi; wanaokumbukwa kwa sentensi moja waliyomjibu mtoto wa shule simjui mwingine.

Sasa nijiseme na mimi. Miaka mingi nyuma, katika shule moja ambayo sitaitaja, kijana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono nikiwa nafundisha kuchemka. Akauliza kwa nini sufuria ya maji huimba kabla ya kuchemka, na yakichemka kabisa inanyamaza. Sikujua. Ningeweza kumpa mji. Nilikuwa na Kisarawe yote dirishani. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Darasa likacheka, kidogo tu, naye akaketi. Hakuuliza tena mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Jibu nilikuja kulipata baada ya miaka kadhaa, na halikuwa gumu. Maji ya chini hupata moto kwanza, mapovu ya mvuke yanazaliwa, yanapanda, yanakutana na maji ya juu ambayo bado ni baridi, yanabomoka. Kubomoka huko ndiko kunakoimba. Maji yote yakishapata moto, mapovu yanafika juu salama na kupasuka taratibu. Mama lishe mmoja pale Maili Moja nilipomweleza aliniangalia kwa huruma. Akasema hiyo kila mtu anaijua: maji yakilia bado, yakinyamaza songa ugali.

Kijana yule nilionana naye baadaye, mtu mzima, ana duka la vifaa vya umeme upande wa Mlandizi. Alinisalimia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, akaniletea kiti. Nikamwambia nina deni lake, nikamweleza habari ya mapovu kuanzia mwanzo hadi mwisho, nimesimama mbele ya kaunta kama mwanafunzi. Akasikiliza vizuri, akashukuru. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, kwamba hakumbuki kama aliwahi kuniuliza.

Nimekuwa nikilifikiria jibu lake hilo kila ninapopita njia ile. Labda alisahau kweli. Labda alinisitiri.

Mjukuu wangu wa kike yuko darasa la tano hapa Kibaha. Mama yake anauza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za mifuko, na mtoto ndiye anayezifunga. Majuzi nilimsimulia habari ya Mpemba tangu maziwa mpaka ukumbi wa Mkwawa. Akasikiliza huku anafunga mafundo. Nilipomaliza akauliza, "Sasa, babu, jibu lake ni nini?"

Nikamwambia wamebishana wakubwa, na mimi nimeshindwa. "Nakupa Kisarawe."

"Kisarawe ulishanipa juzi," akasema. "Nipe mji mwingine."

Nikampa Kibaha. Akafumba macho kidogo, akasema amefika Kibaha, amekula barafu za ukwaju mbili, amerudi, na jibu hata yeye hana, ila friza ya mama ina nafasi ya glasi mbili kwa leo.

Nikainuka kwenda kuchemsha maji.